Nyumba za Kioo katika Jangwa la California

Leo hatutazungumza habari za vita wala za wafalme. Tutazungumza habari za nyumba. Huenda mtu akauliza, “Nyumba nayo ina historia gani?” Ngoja kidogo, ndugu yangu. Nyumba ni kama kitabu. Ukijua kuisoma, itakueleza watu waliishije, walipenda nini, walikuwa na fedha kiasi gani, na pia ni nani aliyekatazwa kuingia mlangoni.

Fungua ramani yako ya Marekani. Weka kidole juu ya mji wa Los Angeles, ulioko pwani ya magharibi. Sasa sogeza kidole kuelekea mashariki kwa kadiri ya kilomita 170. Hapo utaukuta mji mdogo uitwao Palm Springs. Mji huo uko jangwani, chini ya mlima San Jacinto wenye urefu wa mita 3,302. Mvua ni haba sana. Wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40 za sentigredi siku baada ya siku. Lakini wakati wa baridi, miji mingine ya Marekani inapofunikwa na theluji, hapa jua huwaka vizuri na hewa ni safi. Kwa sababu hiyo matajiri na wachezaji wa sinema wa Los Angeles walianza kuja kupumzika hapa.

Wenye ardhi

Kabla hatujazitazama nyumba, na tuulize kwanza: ardhi hii ilikuwa ya nani? Tangu zamani sana walikaa hapa Wacahuilla, wenyeji wa asili wa bonde hili. Katikati ya mahali ulipo mji leo pana chemchemi ya maji ya moto, nayo ilikuwa na heshima kubwa kwao. Kundi la Wacahuilla wa mahali hapa huitwa Agua Caliente, maneno ya Kihispania yenye maana ya “maji ya moto”.

Katika karne ya 19 serikali ya Marekani iliigawanya ardhi ya bonde katika miraba, kila mraba maili moja kwa maili moja. Miraba yenye namba witiri ilipewa kampuni ya reli. Kisha, tangu mwaka wa 1876, miraba yenye namba shufwa ilianza kutengwa kwa ajili ya wenyeji. Ukiitazama ramani yake, utadhani ni ubao wa drafti: mraba mmoja wa hawa, mraba wa pili wa wale. Sasa tia akilini namba moja, maana tutairudia: mraba wa 14. Ndio wenye ile chemchemi, nao uko kando kabisa ya maduka ya mji.

Waliokuja kujenga

Baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka wa 1945, watu wa Marekani walikuwa na kazi, na fedha, na magari. Mashine za kupozea hewa zilianza kupatikana kwa watu wengi. Basi jangwa lililokimbiwa kiangazi likawa mahali panapofaa kujengwa nyumba. Wakaja wachora ramani za majengo waliotaka kujenga kwa namna mpya, pasipo nakshi, kwa vifaa vya viwandani: zege, chuma, alumini na vioo vikubwa.

Mmoja wao alikuwa Albert Frey, mzaliwa wa Uswisi, aliyefanya kazi Paris katika ofisi ya Le Corbusier kabla ya kwenda Marekani mwaka wa 1930. Alilipenda sana jangwa hili. Nyumba aliyojijengea mlimani katika miaka ya 1960 ni ndogo sana, na ndani yake mna jabali. Frey hakulivunja jabali hilo. Aliukata ukuta wa kioo ukafuata umbo la jiwe, nusu ya jiwe ikawa ndani na nusu nje. Nafikiri mtu akiliona jiwe lile ataelewa upesi kuliko kwa kusikiliza maneno yangu mengi: nyumba ndiyo iliyoombwa kupisha, si mlima.

Mwingine alikuwa Richard Neutra, mzaliwa wa Vienna. Mwaka wa 1946 alimaliza nyumba ya mwenye duka kubwa aitwaye Edgar Kaufmann. Nyumba hiyo ina mabawa yaliyonyoshwa pande nne kama tiara ya karatasi ya watoto. Kuta zake za kioo husukumwa kando, hata usijue chumba kinaishia wapi na bustani inaanzia wapi. Lakini jangwa lina dhoruba za mchanga. Kwa hiyo Neutra aliweka vipande virefu vya alumini vinavyogeuzwa kwa mkono. Upepo ukija, unavifunga. Ukitulia, unavifungua.

Jinsi ya kuisoma nyumba

Sasa tuseme umesimama mbele ya nyumba moja ya miaka ile. Utaanzia wapi kuitazama?

Kwanza, tazama paa. Paa ni la bapa, au limeinama kidogo, au pande zake mbili zimeinuka kama mabawa ya kipepeo. Paa la kipepeo lisingefaa mahali penye masika ya nguvu, kwa maana maji yote hukimbilia katikati. Huko mvua ni chache, basi laweza kufaa.

Pili, tazama ukingo wa paa. Umetokeza mbele sana kupita ukuta. Kwa nini? Kiangazi jua huwa juu kabisa, na ukingo ule hukinga kioo kisipigwe na jua. Wakati wa baridi jua hupita chini, nalo huingia chini ya ukingo na kupasha nyumba joto. Ni akili ileile ya mzee anayejenga baraza mbele ya nyumba yake apate kivuli cha kukalia.

Tatu, tazama nguzo na boriti. Hizo ndizo zinazobeba paa. Kuta hazibebi kitu, na ndiyo sababu zaweza kuwa za kioo, au kuachwa na madirisha membamba juu kabisa, chini ya paa. Kwa madirisha hayo mtu aliye ndani huuona mlima, lakini apitaye njiani hamwoni yeye.

Nne, tazama ua. Mara nyingi utaona ukuta wa matofali ya zege yenye matundu. Ukuta huo huzuia macho ya watu na ukali wa jua, lakini upepo huupitisha. Matofali ya namna hii yalienea katika nchi nyingi za joto, na hata kwetu utayaona katika majengo ya miaka ya 1950 na 1960.

Nyumba za watu wa kadiri

Nyumba ya Kaufmann ilikuwa ya tajiri. Lakini jambo lililoupa mji huu sifa ya pekee ni kwamba namna hii mpya iliwafikia pia watu wa kipato cha katikati. George Alexander na mwanawe Robert walikuwa makandarasi. Walimchukua mchora ramani William Krisel, na mnamo mwaka wa 1957 nyumba zao katika mtaa wa Twin Palms zilianza kuuzwa. Jina hilo lina maana ya mitende pacha: kila nyumba ilipandiwa miwili.

Je, walifanyaje kupunguza gharama? Ramani ya ndani ilikuwa karibu moja tu, ya mraba, futi 40 kwa futi 40. Jiko na vyoo vilikaribiana ili mabomba yawe mafupi. Boriti zilikatwa kwa vipimo vilevile, mafundi wakazoea kazi na kuifanya upesi. Lakini Krisel hakutaka mtaa ufanane na kambi. Nyumba moja aliielekeza barabarani, ya pili akaizungusha. Hii akaipa paa la kipepeo, ile paa la bapa. Mpita njia huona nyumba mbalimbali, kumbe ndani ni ndugu wa tumbo moja. Akina Alexander walijenga nyumba zaidi ya 2,000 katika bonde lile, mpaka baba na mwana walipokufa pamoja katika ajali ya ndege mwaka wa 1965.

Mwenzao Donald Wexler alijaribu nyumba za chuma, ambazo hazichomeki wala haziliwi na mchwa. Zilijengwa 7 tu, mwaka wa 1961 na 1962. Bei ya chuma ikapanda, kazi ikasimama. Zote 7 zingali zimesimama mpaka leo.

Waliokatazwa mlango

Sasa, ndugu zangu, lazima tufungue ukurasa wa pili wa kitabu hiki. Miongoni mwa wachora ramani wa Palm Springs alikuwako Paul Williams, mtu mweusi, aliyezaliwa Los Angeles mwaka wa 1894. Mwaka wa 1923 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuingizwa katika chama cha wachora ramani wa majengo cha Marekani. Pamoja na mwenzake Quincy Jones alichora klabu ya tenisi ya Palm Springs mwaka wa 1947. Bwana huyu alijifunza kuchora picha juu chini, ili mteja mweupe asiyependa kukaa karibu naye aweze kuiona picha sawasawa toka ng’ambo ya meza. Alichora nyumba nzuri katika mitaa ambayo hati zake za ardhi zilikataza watu weusi kukaa. Mwaka wa 1948 Mahakama Kuu ya nchi ilikata shauri kwamba masharti ya namna hiyo hayawezi kutiliwa nguvu na mahakama. Lakini desturi haifi siku sheria inapobadilika.

Je, mafundi, wapishi, madobi na watumishi wa hoteli walikaa wapi? Wengi walikaa katika ule mraba wa 14, niliokuambia utie akilini. Walikuwa watu weusi, Wameksiko, Wafilipino na wengineo. Walipanga ardhi ya Wacahuilla, wakajijengea nyumba ndogo kwa mikono yao, kwa sababu mahali pengine mjini walikuwa wakikataliwa. Huduma za mji ziliwafikia kwa shida.

Katika miaka ya 1950 baraza la kabila liliongozwa na wanawake watupu, na mwenyekiti wao alikuwa Vyola Ortner. Walipigania haki ya kukodisha ardhi yao kwa muda mrefu, na mwaka wa 1959 sheria ya Marekani iliwaruhusu kuikodisha kwa miaka 99. Mara thamani ya mraba ule ikapanda sana. Lakini wenyeji wengi waliwekewa wasimamizi na mahakama, na wasimamizi ndio waliotia saini mambo mengi. Baadhi yao walijinufaisha kwa mali ile. Wapangaji wakaanza kufukuzwa. Katikati ya miaka ya 1960 nyumba zao zilibomolewa kwa matingatinga na kuchomwa moto, na mji wenyewe ulishiriki katika kazi hiyo. Wako waliorudi kutoka kazini wakakuta majivu. Mwaka wa 1968 ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa California ilitoa taarifa kali iliyolaumu jinsi mji ulivyowatendea watu hao.

Fikiri hayo, ndugu msomaji. Katika miaka ileile, katika mji uleule, mtaa mmoja ulikuwa ukipandiwa mitende miwili kila nyumba, na mtaa mwingine ulikuwa ukiwaka moto. Na yule aliyefagia sakafu za nyumba za kioo huenda ndiye aliyerudi jioni asikute nyumba yake.

Kutunza na kulipa

Baada ya miaka ya 1970 nyumba za kioo nazo zilipuuzwa. Kituo cha petroli alichokichora Frey na mwenzake mwaka wa 1965, chenye paa kama bawa kubwa, nusura kibomolewe. Watu waliozipenda kazi hizi waliunda kamati ya kuzitetea mwaka wa 1999. Kituo kile leo kinapokea wageni wa mji, na tangu mwaka wa 2006 watu huja kila Februari kuzitazama nyumba hizi.

Na watu wa mraba wa 14? Wao walingoja zaidi. Mwaka wa 2021 baraza la mji liliwaomba radhi. Mwaka wa 2024 lilikubali kuwalipa wao na wazao wao dola milioni 5.9, pamoja na kutenga fedha nyingine za kusaidia watu kupata makazi. Na Wacahuilla wenyewe, mwaka wa 2023, walifungua jumba la makumbusho yao na bafu za maji ya moto hapohapo penye chemchemi ya wazee wao.

Basi, je, tuzichukie nyumba zile nzuri kwa sababu ya maovu yaliyotendeka karibu yake? Mimi nasema la. Ustadi ni ustadi, na kivuli cha paa lile kina mafunzo kwa kila ajengaye mahali pa jua kali. Lakini ukiisifu nyumba, uliza pia habari za fundi wake alilala wapi. Asiyeuliza hivyo amesoma nusu tu ya kitabu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini paa la kipepeo linafaa Palm Springs? Je, lingefaa mahali unapokaa wewe? Eleza sababu.
2. Krisel alifanyaje nyumba zenye ramani moja zisifanane?
3. Watu wa mraba wa 14 walikuwa akina nani, na kwa nini walikaa pale?
4. Simama nje ya nyumba yako. Andika mistari mitano: inakingaje jua, inapitishaje upepo, na ni nani aliyeijenga.

Maana ya maneno

Boriti: mti au chuma kinachobeba paa.
Jabali: jiwe kubwa sana.
Namba shufwa: namba zinazogawanyika kwa 2, kama 2, 4, 6.
Namba witiri: namba zisizogawanyika kwa 2, kama 1, 3, 5.
Kukodisha: kumpa mtu atumie mali yako kwa malipo na kwa muda.