Mhadhiri akikosa kitabu, maktaba inamsaidiaje?

Ukipanda daladala Kikatiti kuelekea Arusha mjini, unapita Maji ya Chai na Usa River, kisha Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, halafu Tengeru iliko Taasisi ya Nelson Mandela. Maktaba za vyuo wengi huziona ni za wanafunzi kusomea tu. Kumbe mhadhiri naye ni mteja, tena mteja mkubwa.

Kazi huanza kabla muhula haujafunguliwa. Mwalimu anapeleka orodha ya vitabu vya somo lake, maktaba inaangalia kipi kipo na kipi kinunuliwe. Kama nakala ni moja na darasa lina watu mia, kitabu kinaondolewa kwenye rafu za kawaida na kuwekwa akiba: unakisoma humo humo kwa saa chache, unarudisha. Mwalimu akichelewesha orodha, wanaoumia ni wanafunzi. Wataishia steshenari kutoa kopi ya kitabu kizima, na hapo wanagongana na Sheria ya Hakimiliki ya 1999.

Majarida ya kisayansi nayo ni bei mbaya. Ndiyo maana ipo COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti Tanzania, ambao wanachama wake huchangia gharama. Ipo pia Research4Life, inayofungua majarida ya afya, kilimo na mazingira bure au kwa bei nafuu kwa taasisi za nchi kama yetu. Ila nywila anayo mkutubi. Mwalimu asiyemuuliza hataipata.