Sakafu, Bati na Rangi: Historia ya Maneno ya Paa katika Majengo ya Biashara

Mfasiri anayetakiwa kuandika kwa Kiswahili masharti ya zabuni ya kutengeneza paa la ghala au la soko hukutana mapema na neno linaloonekana jepesi, nalo ni "rangi". Kila kitu cha majimaji kinachopakwa juu ya paa aghalabu huitwa hivyo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa kufuata historia ya majengo ya mwambao na hasa ya Unguja, kwamba neno hilo halitoshi. Jambo hili si la wanalugha peke yao. Mkataba ukisema "rangi", mkandarasi aliyeleta rangi ametimiza mkataba, hata kama mvua ya masika itapenya na kuozesha magunia yote yaliyomo ghalani.

Paa la mwambao lina maadui watatu: mvua nyingi za masika na vuli, jua kali la kaskazi, na chumvi inayoletwa na upepo wa bahari. Wajenzi wa zamani waliwakabili kwa chokaa. Katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe, ambazo nyingi zilikuwa na maduka chini na makazi juu, boriti za mikoko zilipangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake yakawekwa mawe ya matumbawe, kisha chokaa iliyochanganywa na mchanga na kokoto. Mchanganyiko huo ulipigwa kwa vipande vya miti kwa siku kadhaa mpaka ukashikana na kuwa mgumu. Kazi hiyo iliitwa kusakifu, na kilichopatikana kiliitwa sakafu.

Neno hili lina historia ya kuzingatiwa. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiarabu "saqf" ni paa. Kwetu sisi, watu wengi wakisikia sakafu hufikiria mahali pa kukanyaga. Si vigumu kuona jinsi maana ilivyohama: katika nyumba ya ghorofa, paa la chumba cha chini ndiyo sakafu ya chumba cha juu, na vyote viwili vilisakifiwa kwa namna moja. Hivyo neno lilishuka kutoka kichwani hadi miguuni. Mfasiri asiyejua historia hii, akisoma katika maandishi ya zamani kwamba sakafu imevuja, atashangaa.

Sakafu ya juu ilidai utunzaji. Nyufa zilipotokea, ilibidi ipakwe chokaa mpya, na kila tabaka liliongeza uzito juu ya boriti. Baadaye mapaa mengi ya namna hiyo yalifunikwa kwa mabati yaliyoinamishwa ili maji yateremke upesi.

Bati nalo lilikuja na utata wake. Mwaka 1829 Henry Robinson Palmer wa London alipata hataza ya mabamba ya chuma yenye migongo, na mwaka 1837 Stanislas Sorel wa Ufaransa akapata hataza ya kukinga chuma kwa zinki. Ndoa ya mavumbuzi hayo mawili ndiyo iliyozaa bati la kuezekea. Lakini bati, kwa maana yake ya madini, ni kitu kingine: ni madini meupe, laini, yanayotumika katika kulehemu. Bati la paa ni chuma, na mlinzi wake ni zinki, ambayo huliwa kwanza ili chuma kisiliwe. Jina letu limemtaja asiyehusika na kumsahau mlinzi.

Hasara ya usahaulifu huo ni ya kweli. Mnunuzi huuliza geji, yaani unene wa bamba, na namba ikiwa kubwa bamba huwa jembamba. Lakini geji haisemi lolote juu ya zinki. Bamba lenye gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikihesabiwa pamoja, litadumu kuliko lenye zinki haba, hata kama geji yao ni moja. Karibu na bahari tofauti hiyo huonekana mapema zaidi. Mwaka 1972 ulianza kuuzwa nchini Marekani mchanganyiko wa alumini asilimia 55 pamoja na zinki na silikoni kidogo. Huo pia watu huuita bati tu.

Sasa tuje kwenye vitu vinavyopakwa. Lami huzuia maji vizuri, lakini jua huikausha na kuipasua isipofunikwa. Mpako wa akriliki mweupe huakisi jua na kupunguza joto ndani ya jengo, ila hudhoofika maji yakituama juu yake. Basi unafaa zaidi paa lililoinama. Mpako wa silikoni huvumilia jua na maji yaliyotuama, kwa hiyo hufaa paa bapa. Lakini hunasa vumbi, na rangi nyingine haishiki juu yake. Bati lililoanza kutu halifai kupakwa chochote kabla ya kusuguliwa na kupewa mpako wa kuzuia kutu. Vitu hivi vinne vina kazi mbalimbali. Kuviita vyote rangi ni kuvichagua kwa sura.

Mafundi wa majahazi hawakufanya hivyo. Kuziba maungio ya mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta waliita kukalafati. Mchanganyiko wa chokaa na shahamu uliopakwa sehemu ya chombo inayozama majini waliuita deheni. Mafuta ya samaki ya kukinga mbao dhidi ya jua waliyaita sifa. Kila kazi ilikuwa na jina lake, kwa sababu anayekosea jina angeweza kuzama.

Kwa kufuata mfano huo, tunapendekeza yafuatayo. Neno "rangi" libaki kwa kinachopakwa kwa ajili ya sura. Kinachopakwa kwa ajili ya kinga kiitwe "mpako", na kazi yake itajwe daima: mpako wa kuzuia maji, mpako wa kuzuia kutu, mpako wa kuakisi jua. Kuziba maungio ya mabati na matundu ya misumari kuitwe kukalafati. Bati litajwe pamoja na kinga yake, kwa mfano bati la zinki au bati la alumini na zinki, na kiasi cha kinga hiyo kiandikwe kando ya geji.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba maneno haya yanarefusha maandishi ya zabuni. Ni kweli. Lakini maneno matatu ya ziada katika mkataba ni nafuu kuliko ghala moja la karafuu lililolowa.