Kufuta plani za SQL: habari zinabaki, njia ndiyo inasahauliwa

Ripoti za vituo vya afya vya Mboko zinapitia zone ya afya ya Nundu. Hesabu za wagonjwa, chanjo na uzazi zinaingizwa ndani ya DHIS2, programu inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, na ambayo Wizara ya Afya ya Kongo inatumia. DHIS2 inatunza habari zake ndani ya hifadhidata, ao baze ya data, ya PostgreSQL, inayoulizwa maswali kwa lugha ya SQL.

Baze kama hiyo ikianza kuwa polepole, fundi anaweza kusema: "Tunafuta plani." Mwenye kusikia anaogopa: je, hesabu za watoto waliochanjwa zimepotea? Hapana. Hakuna hata mstari mmoja wa habari unaotoka.

Plani ni nini?

Ukiuliza baze ni watoto wangapi walichanjwa mwezi wa tatu, kwanza inachagua njia: isome orodha yote, ao ipitie faharasa? Orodha gani itangulie? Chaguo hilo ndilo plani. Kuchagua kunakula muda, basi plani inawekwa akibani ili itumike tena. PostgreSQL, kwa swali lililotayarishwa mbele, inapanga upya mara 5 za kwanza. Kisha inaweza kushika plani moja ya jumla.

Kwa nini ifutwe?

Wazia dereva wa barabara ya taifa namba 5, toka Uvira kwenda Baraka kupitia Mboko. Amezoea njia moja. Mvua inanyesha, mto unabeba daraja, na njia nzuri ya jana leo ni mbaya. Plani pia iko hivyo: orodha ya mistari 1,000 inasomeka yote haraka, lakini ikifika mistari 1,000,000 njia ileile inachosha mashine. Kufuta plani ni kumwambia dereva aangalie barabara upya. Mizigo yake iko salama ndani ya gari.

Mashine nyingi, akiba nyingi

Kuna baze zinazogawanya kazi ku mashine nyingi, kama TiDB, CockroachDB na YugabyteDB. Hapo ndipo mafundi wengi wanakosea. Akiba ya plani haiko pahali pamoja. Ukimwambia dereva mmoja kwamba daraja limeanguka, wengine hawajasikia.

- TiDB: amri ADMIN FLUSH INSTANCE PLAN_CACHE inafuta plani za mashine ile tu uliyounganika nayo. Ukiweka SESSION pahali pa INSTANCE, inafuta za muunganiko wako tu. Hakuna amri moja ya kufuta ku mashine zote. Fundi anazipitia moja moja.
- PostgreSQL, na YugabyteDB iliyojengwa juu yake: amri DISCARD PLANS inafuta plani za muunganiko wako peke yake. Watumiaji wengine wanabaki na za kwao.

Ndiyo sababu fundi anaweza kufuta, akaona kwake kunaenda mbio, huku ofisi nyingine bado inalia.

Mbele ya kufuta

Kwanza, tumia EXPLAIN kuona njia ambayo baze inafuata. Pili, tumia ANALYZE, ili baze ihesabu upya ukubwa wa orodha zake. Ndani ya PostgreSQL hatua hii mara nyingi inatosha, sababu takwimu zikibadilika plani za zamani zinapangwa upya zenyewe. Toka toleo la 12, la mwaka 2019, kuna pia mpangilio plan_cache_mode wa kulazimisha plani mpya kila mara.

Ikibaki lazima kufuta, chagua saa ambayo kazi ni kidogo. Usifute ku mashine zote mara moja: maswali yote yatapangwa upya kwa wakati mmoja, na mashine zitalemewa.

Amri za kuogopa ni nyingine: DELETE, TRUNCATE na DROP TABLE. Hizo ndizo zinaondoa habari zenyewe. Fundi akisema anafuta, mwenye ripoti ana haki ya kuuliza: unafuta plani, ao unafuta habari?