Maneno magumu si ya nyumbani kwa mtu

Kwenye kipindi kilichopita tuliongelea zile orodha za maneno magumu ya Kiingereza: neno, maana yake, halafu sentensi ya mfano. Wengi wetu tuliokulia huku Uingereza tumezikariri kabla ya mitihani. Muda haukutosha kueleza zilikotoka, ndo maana naandika hapa.

Tuanzie London, mwaka 1604. Mwalimu mmoja, Robert Cawdrey, alichapisha A Table Alphabeticall, kijitabu chenye maneno kama 2,500. Ndicho kinachohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Hakuhangaika na maneno ya kila siku. Alikusanya magumu, mengi yakiwa yametoka Kilatini, Kigiriki na Kifaransa, na akasema wazi kitabu ni cha nani: wanawake na wengine wasiopata elimu kubwa, waliokuwa wakikutana na maneno hayo kanisani na vitabuni. Ilibidi hata awaelekeze jinsi ya kutafuta neno kwa kufuata alfabeti.

Mnaona? Waingereza wenyewe, waliozaliwa na lugha yao, walihitaji kufafanuliwa Kiingereza.

Nalisema hili kwa sababu nilipokuwa mdogo, mwalimu mmoja alimshauri mama aache kuniongelesha Kiswahili, eti kinanichelewesha. Mama alikataa, na namshukuru. Najua wazazi wengine walikubali, na leo watoto wao wanashindwa kuongea na bibi zao kwenye simu. Lakini neno kama "meticulous" halisemwi mezani kwa karibu mtu yeyote. Mtoto wa Kiingereza naye hulikuta kitabuni. Kiswahili cha nyumbani hakikutunyima kitu hapo.

Turudi kwenye kamusi. Fafanuzi za Cawdrey zilikuwa fupi mno, mara nyingi neno moja au mawili. Unajua maana, ila hujui neno linakaaje kwenye sentensi. Mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa kamusi yenye maneno kama 42,000, na chini yake akaweka nukuu zaidi ya 100,000 za waandishi kama Shakespeare na Milton. Kazi kubwa, lakini ilimfaa zaidi mtu ambaye lugha tayari anayo.

Waliotufikiria sisi wanafunzi walifundisha mbali na Uingereza. Michael West alifundisha Bengal, akaona kosa moja: neno gumu linaelezwa kwa neno gumu zaidi! Mwaka 1935, yeye na James Endicott walitoa kamusi iliyoeleza maneno na misemo kama 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. A. S. Hornby naye alifundisha Japani. Kamusi aliyoiandaa na wenzake wawili ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, katikati ya vita, na Oxford wakaitoa mwaka 1948. Hornby alionyesha muundo: kitenzi hiki kinafuatwa na nini.

Chukua "suggest". Maana yake ni kupendekeza, rahisi. Kwa Kiswahili nasema "alinishauri niende", na kichwani natafsiri hivyohivyo: "she suggested me to go". Kiingereza hakikubali; kinataka "she suggested that I go". Ufafanuzi peke yake hautakwambia hilo. Mfano ndio utakaokwambia. Mwaka 1987 timu ya John Sinclair, kule Birmingham, ilisogea mbele zaidi: kamusi yao, COBUILD, ilichukua mifano kutoka maandishi na mazungumzo halisi yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta, na ufafanuzi wenyewe ukawa sentensi kamili.

Sasa, jamani, mbona njia hii tunaitumia kwa Kiingereza tu? Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, Dar es Salaam, ipo tangu 1981, Kiswahili kwa Kiswahili, na mifano imo. Wengi wetu tunakijua Kiswahili cha jikoni na cha kugombezwa, ila gazeti likiandika "mustakabali" tunakwama. Si aibu. Ni neno gumu, nalo lilikopwa kutoka Kiarabu kama yale ya Cawdrey yalivyokopwa.

Basi wiki hii chagua neno moja. Tafuta maana yake, soma mfano, kisha tunga sentensi yako umtumie mzazi au bibi. Akicheka, muulize yeye angesemaje, uiandike.