Mhuni Hazaliwi: Funzo la Dar es Salaam

Kijana wa mjini asiye na kazi ameitwa majina mengi: mhuni, mzururaji, kupe. Majina hayo yana historia. Hatuna budi kuichambua, maana anayekosea kutambua chanzo cha uhalifu atakosea pia dawa yake.

Chini ya ukoloni, kodi iliwasukuma vijana kutoka vijijini kutafuta fedha. Bandarini Dar es Salaam wengi walichukuliwa kama vibarua wa siku: meli ikija wana kazi, ikiondoka wana njaa. Mkoloni alitaka jasho lao, lakini hakutaka kugharamia makazi wala familia zao. Walipobaki mitaani aliwahesabu wahalifu. Mwaka 1944 alitunga sheria ya kuwaondoa mjini Waafrika aliowaita wasiotakiwa. Waliorudishwa makwao walirejea kwa wingi, kwa sababu kilichowaleta mjini hakikuguswa.

Umma ulikuwa na njia yake. Jamaa na watani walimpokea mgeni, wakampa pa kulala na kumtafutia kibarua. Vyama vya ngoma na vilabu vya mpira, kama Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935, vilimpa kijana wenzake na wakubwa wa kumkanya. Baada ya Uhuru misingi hiyo ilipanuliwa. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa mwaka 1963. TANU ikajenga mashina ya nyumba kumi kumi, ili balozi amjue kila kijana, si kwa sura tu bali kwa shida zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kijiji cha ujamaa cha Gezaulole, karibu na Dar es Salaam, kiliwapokea watu wa mjini wasio na kazi.

Ndipo ikaja Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983. Sheria hii ilikuwa na mikono miwili. Mkono wa kwanza ulikamata watu mitaani na kuwapeleka mashambani kwa malori. Wengi walirudi, kama walivyorudi wale wa mwaka 1944. Mkono wa pili ulitoa leseni ndogo, iliyokuja kuitwa leseni ya nguvu kazi, na mchuuzi akapata njia ya kujipatia riziki kwa halali. Lori lilimhesabu kijana kuwa uchafu wa kufagiwa. Leseni ilimtambua kuwa mfanyakazi.

Sungusungu nao, walioanza miaka ya 1980 Usukumani na Unyamwezini kupambana na wezi wa mifugo, baadaye waliingia mijini. Doria inaweza kuzuia wizi wa usiku, lakini kukicha kijana bado hana kazi. Tena doria isiyo na nidhamu huzaa kipigo na hukumu bila mahakama. Kijana aliyeshirikishwa katika ulinzi wa mtaa wake ana cha kulinda. Aliyewindwa tu hana.

Funzo kwa kada ni wazi. Kumhamisha kijana bila kubadili hali yake ni kuhamisha tatizo. Kazi halali, kikundi cha wenzake na mzee anayemjua kwa jina ndivyo vinavyomtoa katika uhalifu. Kwa hiyo shina lisiloweza kutaja vijana wake wasio na kazi, na linalofanya kwa ajili yao, halijaanza kazi yake. Samaki mkunje angali mbichi, lakini kwanza umjue.