Mibuni ya Kabete na Magonjwa Yake

Kahawa ilifika Nairobi mikononi mwa mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, Wafaransa waliofungua misheni ya Mtakatifu Austin mwaka 1899 katika eneo ambalo leo ni Lavington. Mbegu zao, za ukoo wa Bourbon wenye asili ya kisiwa cha Réunion, ziliwafikia walowezi, na haukupita muda mrefu mibuni ikatanda Kabete, Loresho na Kiambu. Miti hiyo ilikuwa na undugu wa karibu mno: ugonjwa ulioweza kuushinda mti mmoja uliweza kulishinda shamba zima.

Ugonjwa wa kwanza kufika ulikuwa kutu ya majani. Kuvu yake, Hemileia vastatrix, ilionekana Ceylon mwaka 1869 na kuiangamiza kahawa ya kisiwa hicho. Nchini Kenya ilibainika kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Unga wa rangi ya chungwa hujitokeza upande wa chini wa jani, majani hupukutika, na mti uliobaki uchi hauna nguvu ya kuzaa msimu unaofuata. Wakulima waliikabili kwa mrututu uliochanganywa na chokaa.

Chulebuni, nao ugonjwa wa kuvu, ulikuwa mkali zaidi. Ulitambuliwa mwaka 1922 magharibi mwa Kenya, ukavuka Bonde la Ufa kuelekea mashariki mwishoni mwa miaka ya 1930. Hushambulia tunda lenyewe likiwa bado kijani: doa jeusi hubonyea, hupanuka, kisha buni hukauka ingali mtini au huanguka. Matone ya mvua huibeba kuvu kutoka tunda hadi tunda, na baridi ya nyanda za juu huipa nafasi. Pasipo dawa, mwaka wa mvua nyingi unaweza kumwachia mkulima sehemu ndogo tu ya mavuno.

Wakati huohuo, Maabara ya Scott huko Kabete ilikuwa ikichagua miti bora. Aina iliyoitwa SL28 ilitokana na mbegu zilizoletwa kutoka Monduli, Tanganyika, mwaka 1931, na kusifiwa kwa kustahimili ukame. SL34 ilitoka kwenye mti mmoja wa shamba la Loresho. Ladha yake na ya SL28 ndiyo iliyoijengea kahawa ya Kenya jina katika mnada wa Nairobi. Hata hivyo, zote mbili hushikwa kwa urahisi na kutu na chulebuni.

Serikali ya kikoloni ilitumia hofu ya magonjwa kama sababu mojawapo ya kuwazuia Waafrika kulima kahawa. Hoja hiyo ilikuwa dhuluma iliyovikwa vazi la sayansi, kwani magonjwa yote mawili yalishamiri kwanza katika mashamba ya walowezi. Zuio lilianza kulegezwa miaka ya 1930 huko Meru, Embu na Kisii, na Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukapanua kilimo hicho kwa wakulima wadogo. Nao walirithi mbegu zilezile, pamoja na gharama ya kuzikinga.

Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilizidisha chulebuni. Upulizaji wa dawa ulipangwa upya kufuata mvua, ili matunda machanga yakingwe kabla ya kuambukizwa. Katika miaka ya 1970 ilitumika benomili, lakini kuvu ikazalisha aina sugu na dawa ikapoteza nguvu. Kupogoa na kupunguza matawi, ili hewa ipite na majani yakauke haraka, kulibaki kazi ya lazima.

Suluhisho la kudumu zaidi lilitafutwa katika mbegu. Kituo cha utafiti cha Ruiru kilianza kuzalisha mibuni kinzani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ruiru 11, inayohimili magonjwa yote mawili, ilitolewa mwaka 1985. Wanunuzi wengi hawakuiweka daraja moja na SL28 kwa ladha, na wakulima wengi wakaendelea na miti yao ya zamani. Mwaka 2010 ikatolewa Batian, iliyozalishwa kwa kurudishia damu ya SL28 na SL34 katika mibuni kinzani. Mkulima anayeshikilia SL bado hawezi kuepuka gharama ya kupuliza dawa.