Punje Iliyosahauliwa: Historia Nyingine ya Mpango wa Karanga wa Nachingwea

Historia ya Mpango wa Karanga wa Nachingwea husimuliwa kwa chuma. Husimuliwa kwa matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita, kwa minyororo mizito iliyoburutwa porini kung'oa miti, na kwa reli iliyojengwa kisha ikang'olewa. Nafundisha historia, na kila mwaka wanafunzi hunijia wakiwa wameikariri hivyo: wakoloni walileta mashine, mashine zikashindwa, basi. Katika makala haya nataka kuisimulia kwa kufuata kitu kidogo zaidi, yaani punje ya karanga yenyewe na kile kilichoandikwa ndani yake. Naamini njia hii inatufikisha karibu zaidi na swali linalowahusu wakulima wa Chunyu na vijiji vingine vya Nachingwea na Ruangwa leo: nani anaitunza mbegu, na kwa fedha ya nani?

Kwanza tukumbushane yanayojulikana. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa Company alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine, katika eneo ambalo halikuwa na mfano. Serikali ya London ikamtuma John Wakefield, aliyekuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, kuchunguza jambo hilo. Ujumbe wake ulizunguka kwa wiki chache tu, kwa sehemu kubwa ukiitazama nchi kutoka angani, ukarudi na hesabu ya mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Jumla yake ilikuwa ekari zaidi ya milioni 3, na sehemu kubwa kuliko zote ilipangiwa Jimbo la Kusini, yaani huku kwetu. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliutetea mpango huo bungeni. Bajeti ilikuwa pauni zipatazo milioni 25. Ulipovunjwa rasmi Januari 1951 ulikuwa umekula pauni zipatazo milioni 36, na Waingereza walikuwa bado wanapanga foleni kwa ajili ya siagi.

Ya Kongwa sitayarudia: ukame, na udongo uliokauka ukawa kama saruji. Nachingwea ilikuwa na mvua ya kuridhisha zaidi, lakini haikuwa na bandari wala njia ya reli, na msitu wake ulikuwa mzito. Reli ikajengwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. Majengo na mashamba yakabaki, na Nachingwea ikaja kuwa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, jambo ambalo waliouchora mpango huo London hawakuliota hata kidogo.

Katika hesabu zote hizo, mbegu ilichukuliwa kama ilivyochukuliwa dizeli, yaani kitu cha kununua na kumimina shambani. Miongoni mwa aina zilizopandwa ilikuwamo Natal Common, ambayo jina lake tu linaonyesha ilikotoka. Ndani ya mpango walikuwamo wanasayansi hodari, wakiongozwa na Hugh Bunting. Ila wao waliajiriwa baada ya ekari kukwisha kutangazwa, ilhali kazi ya kuchagua mbegu inayolifaa eneo huchukua misimu mingi kuliko uhai wa waziri katika wizara.

Tena adui mmoja wa karanga alikuwa anajulikana hapa hapa nchini. Mwaka 1907, wakati majivu ya Vita vya Maji Maji hayajapoa katika nchi ya Wamwera, mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Zimmermann, wa taasisi ya utafiti ya Amani kule Usambara, aliandika juu ya ugonjwa wa karanga ambao leo huitwa rozeti. Mmea unaoupata hudumaa, majani yake hujikunja na kujibana pamoja kama ua, mara nyingi yakiwa ya manjano, na ukiupata ungali mchanga hauzai kitu. Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ya ugonjwa huo inayojulikana duniani, nayo ilitoka katika ardhi yetu. Mwaka 1928 H. H. Storey, ambaye baadaye alifanya kazi miaka mingi Amani, alionyesha pamoja na mwenzake Bottomley kwamba ugonjwa huenezwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa majani. Wakati huo huo ilijulikana kwamba kupanda mapema na kwa kubananisha hupunguza madhara. Mkulima mwenye robo ekari aweza kufanya hivyo kwa jembe la mkono. Shamba la ekari 30,000 linalosubiri vipuri vya trekta kutoka ng'ambo haliwezi.

Sisemi kwamba rozeti ndiyo iliyouua mpango. Mpango uliuawa na haraka. Ila rozeti inaonyesha vizuri kuliko trekta ni ujuzi wa namna gani uliokosekana.

Ujuzi huo ni elimu ya urithi, nayo ilikuwa katika mageuzi makubwa miaka ile ile. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake wawili huko New York walitoa ushahidi kwamba kinachobeba sifa za urithi katika bakteria ni DNA. Mwaka 1953, miaka miwili tu baada ya karanga za Nachingwea kuachwa, Watson na Crick walitangaza umbo lake, wakitegemea pia picha za eksirei zilizotoka katika maabara alimokuwa akifanya kazi Rosalind Franklin. DNA ni kama ngazi ndefu iliyosokotwa, na vipago vyake vimeundwa kwa kemikali nne zinazoandikwa kwa herufi A, T, G na C. Mpangilio wa herufi hizo ndio maagizo ya kiumbe. Kipande cha ngazi chenye agizo moja, kwa kawaida agizo la kutengeneza protini fulani, tunakiita jeni. Kila kiumbe cha aina yetu, na mimea mingi vilevile, hupokea nakala moja ya jeni kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Nakala hizo zikitofautiana, moja yaweza kutawala na nyingine ikajificha. Iliyojificha haipotei. Husubiri kizazi ambacho itakutana na mwenzake wa namna yake.

Sasa turudi shambani. Mwaka 1952, wakati rozeti ilipoyashambulia vibaya mashamba ya Afrika Magharibi, watafiti waliokuwa chini ya Wafaransa waliona kwamba baadhi ya karanga za kienyeji zilibaki kijani. Zilitoka mpakani mwa nchi ambazo leo ni Burkina Faso na Côte d'Ivoire. Hakuna maabara iliyozitengeneza. Wakulima, na kwa desturi ya sehemu nyingi za Afrika mlinzi wa mbegu ni mwanamke, walikuwa wakizipanda na kuweka akiba mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo ndege ya ujumbe wa Wakefield ilipokuwa ikipima misitu ya Tanganyika kutoka juu, dawa ya ugonjwa huu yumkini ilikuwa tayari imelala ndani ya vibuyu na vihenge vya watu ambao hakuna aliyewauliza lolote.

Mwaka 1960 mtafiti de Berchoux alieleza jinsi kinga hiyo inavyorithiwa: inategemea jeni mbili, zote za aina inayojificha. Naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa maana siasa ya mbegu imo ndani yake. Ukichavusha karanga yenye kinga kwa karanga isiyo na kinga, watoto wote hupokea nakala moja iliyojificha na moja inayotawala katika kila jeni. Wote huugua. Mtawala mwenye haraka angesema jaribio limeshindwa na kukata fedha. Lakini waache watoto hao wajichavushe wenyewe: nafasi ya mjukuu kupata nakala mbili zilizojificha katika jeni ya kwanza ni 1 kati ya 4, na katika jeni ya pili vilevile 1 kati ya 4. Kuzipata zote pamoja ni 1 kati ya 16. Mimea 15 itaugua na mmoja utasimama. Huo mmoja ndio unaotafutwa, kisha huanza kazi ya kuuchanganya tena na aina yenye mavuno mazuri, ukubwa wa punje na ladha inayotakiwa sokoni.

Na kila hatua hufanyika kwa mkono. Ua la karanga hujichavusha lenyewe kabla hata halijachanua vizuri. Mtafiti hulazimika kulifungua jioni, aondoe sehemu za kiume kwa koleo ndogo, na kesho yake alfajiri apake chavua ya baba aliyemchagua. Kisha ua hunyauka, kikonyo hushuka chini na kuchimba udongo, na karanga huzaliwa gizani. Ndiyo sababu aina moja mpya huweza kuchukua muongo mzima.

Ugonjwa wenyewe nao ulikuja kueleweka kwa elimu hiyo hiyo ya molekuli. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imebainika kwamba rozeti si kirusi kimoja bali ni genge la watatu. Kuna kirusi cha rozeti, ambacho hakina hata joho lake la protini. Kuna kirusi msaidizi, kinachomwazima joho ili kidukari aweze kumbeba. Na kuna kipande kidogo cha RNA, ndugu wa DNA, chenye urefu wa herufi 900 hivi, ambacho hakiwezi kujizalisha bila wenzake. Ajabu ni kwamba huyo mdogo ndiye mwenye kuleta umanjano na udumavu tunaouona kwa macho. Wakati wataalamu hao wakifumbua fumbo, kaskazini mwa Nigeria walikuwa wanakumbuka mwaka 1975, ambapo rozeti iliharibu hekta zipatazo 700,000 katika msimu mmoja.

Kwa nini zao hili ni dhaifu hivyo? Jibu limo katika nasaba yake. Wazee wa pwani waliliita njugu nyasa, wakilitofautisha na njugu mawe, ambalo ni zao la Afrika tangu asili. Karanga ni mgeni kutoka Amerika Kusini, aliyefika kwetu baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari. Mwaka 2016 watafiti wa kimataifa walichapisha ramani za DNA za mimea pori miwili inayohesabiwa kuwa wazazi wake, na mwaka 2019 ikafuata ya karanga ya shambani. Kila mzazi ana kromosomu 20, na karanga ina 40, kwa kuwa imebeba urithi wa wote wawili kwa ukamilifu. Inaonekana muungano huo ulitokea miaka zaidi ya 9,000 iliyopita, baada ya binadamu kuuhamisha mmoja wa mimea hiyo hadi karibu na mwenzake, na karibu karanga zote za dunia zimetokana na tukio hilo moja. Ukoo wa namna hiyo una tofauti chache za kuchagulia. Kila aina ya kienyeji inayopotea kijijini hupunguza akiba ambayo tangu mwanzo ilikuwa ndogo.

Kazi ambayo Mpango wa Karanga haukuwa na subira nayo ilifanywa baadaye, bila ngoma wala tarumbeta, katika kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kwa ushirikiano na taasisi ya kimataifa ya ICRISAT yenye watafiti wake wa karanga nchini Malawi. Pendo, aina ambayo wakulima wengi wa kusini wanaijua, ilitolewa mwaka 1998. Mwaka 2009 zilitolewa nyingine zilizopewa majina ya kwetu: Naliendele, Mangaka, Masasi, Mnanje na Nachingwea. Ndiyo, ipo karanga iitwayo Nachingwea, na sijapata kumwona mwanafunzi aliyeijua kabla ya kuisikia darasani, ilhali Strachey na matrekta yake wanawajua kwa jina.

Niongeze jambo moja, kwa sababu najua mabishano yatakayofuata. Mwaka 2021 serikali ilitangaza kusitisha majaribio ya mbegu zilizohamishiwa jeni maabara, na tangu hapo watu wengi wakisikia neno jeni hushtuka. Karanga za Naliendele si za namna hiyo. Ni ndoa za ua kwa ua, kama nilivyoeleza.

Tatizo lililobaki ni la uchumi zaidi kuliko biolojia. Kwa kuwa karanga hujichavusha, mtoto hufanana na mzazi, na mkulima aweza kuweka mbegu yake mwenyewe kwa misimu kadhaa. Kampuni ya mbegu haioni faida ya kumuuzia mara moja mtu ambaye hatarudi mwakani, na karanga huhitaji kilo nyingi kwa ekari ilhali huzaana taratibu. Hivyo aina bora hubaki kituoni kwa miaka isipokuwa fedha ya umma iitoe. Sheria inaruhusu vikundi vya wakulima kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa na kuziuza jirani, chini ya ukaguzi. Ruangwa siku hizi mazungumzo ni ya madini ya kinywe, na bajeti zinazotangazwa kwa sauti kubwa ni za barabara na maghala. Sina ugomvi na maghala. Nauliza tu ni mkaguzi yupi wa mbegu atakayefika Chunyu kabla ya mvua za Desemba, na kama amepewa mafuta ya pikipiki.